Kikombe Alichopewa Naomie

Nyuma ya soko la Manika, mjini Kolwezi, hakuna aliyepika pombe ya lutuku safi kama Mama Charlotte. Alipikia uani, chini ya bati. Pipa la unga wa mahindi uliochacha lilichemka juu ya makaa, na bomba la shaba lilipita ndani ya beseni la maji baridi mpaka kwenye mdomo wa chupa. Wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi jekundu kwenye kope walikwenda moja kwa moja kwake kabla hawajanawa hata mikono. Walisema pombe yake haiumizi kichwa.

Naomie alipoolewa na Mechack, mtoto wa nne wa Charlotte, alikuta kazi inamsubiri. Haikuchukua mwezi ikaonekana ana ulimi wa kazi ile. Alionja funda moja, akafumba macho, akasema hii bado, hii imeungua, hii iko sawa, na hakukosea. Mama mkwe wake alijivuna mbele ya majirani. Kuanzia hapo kila chupa ilipita kwanza kinywani mwa Naomie. Wala hakuna mtu pale uani aliyekuita kuonja kule kunywa. Waliokunywa ni wale wanaume wa kwenye mabenchi. Naomie alikuwa kazini.

Mwaka wa pili wa ndoa akapata mimba. Ilimtesa sana miezi ya kwanza.

"Mama, kila asubuhi natapika," alimwambia Charlotte. "Hata bukari ya unga ikisongwa, nakimbia inje."

Charlotte alijaza kikombe kidogo cha plastiki, akamwekea mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kunywa, mwana yangu. Mi nilizaa batoto tano na hii. Inasafisha mutoto mu tumbo. Atatoka ngozi yake safi, utaona."

Kichefuchefu kilitulia kidogo, au Naomie alidhani kimetulia. Kikombe kile kikawa cha kila asubuhi. Siku moja alirudi kutoka kupima mimba akasema muuguzi amewaonya wanawake wote waliokaa kwenye foleni wasiguse pombe. Charlotte alicheka mpaka akashika kiuno.

"Bale ni batoto badogo! Banasoma mu kitabu, hata kuzaa bado. Miye na kitabu, nani amezaa?"

Naomie naye alicheka. Alimpenda mama mkwe wake. Mama yake mzazi alikuwa mbali, Sandoa, na katika nyumba ile Charlotte ndiye aliyemkanda mgongo, aliyemtafutia samaki alipomtamani, aliyemkataza Mechack kupaza sauti. Angemwamini nani mwingine?

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, msichana, mdogo kiasi kwamba Mechack aliogopa kumshika. Alitetemeka miguu na mikono siku nzima kama aliyesikia baridi, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Walimkamulia maziwa, wakamnywesha kwa kijiko. Wakamwita Gloire.

Alipona, lakini kila kitu kwake kilichelewa. Alitembea akiwa na miaka miwili na nusu. Alipofika minne alikuwa na maneno ambayo mtu angeyahesabu kwa vidole. Alikuwa mtoto wa kupendwa haraka, mchekaji, asiyeogopa mtu. Alimkumbatia kila aliyeingia uani, mchimbaji mlevi au polisi, na angeweza kumshika mkono mtu asiyemjua na kuondoka naye. Mara mbili walimkuta mbali, karibu na barabara ya malori, akiongozana na watu ambao hata wao hawakujua ni mtoto wa nani.

Akiwa na miaka sita aliweka kiganja chake juu ya pipa la moto. Ngozi ikatoka. Naomie alimfunga kitambaa, akamweleza, akalia naye. Siku nne baadaye, kitambaa bado kiko mkononi, Gloire akaweka kiganja cha pili palepale. Alilia kwa mshangao, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa kuwa moto unaunguza.

"Gloire! Si nilikuambia?" Naomie alipiga kelele.

"Uliniambia," mtoto alisema huku akilia. "Ilitoka mu kichwa."

Shuleni alirudia darasa la kwanza mara mbili. Mwaka wa tatu mwalimu mkuu alimwita Naomie akamwambia kwa upole kwamba hawamwezi. Leo anajua herufi, kesho hajui hata ya kwanza. Hakai kitini. Wenzake wanamtuma kuiba chaki, anaiba, kisha akiulizwa anasema ndiyo, ni mimi.

Maneno yakaanza mtaani. Mchimbaji mmoja aliyekunywa kwao alianguka shimoni akavunjika mguu, na mtu akakumbuka kuwa asubuhi ile Gloire alimkumbatia. Basi ikatosha. Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani akamkazia macho mtoto muda mrefu, akasema huyu si mtu wa bure, ana kitu ndani, na kitatoka kwa kufunga. Mechack hakuwapo; alikuwa machimboni upande wa Fungurume. Charlotte alikubali. Yeye mambo hayo aliyaamini. Alikuwa ameshapoteza mtoto kwa sababu ya uchawi, ndivyo alivyosema siku zote.

Walimfungia Gloire siku mbili, bila chakula, bila maji, katika chumba cha maombi ambacho paa lake la bati lilikuwa linawaka kwa jua, na Naomie akaambiwa angoje nje. Siku ya pili mchana Naomie alisikia sauti ya mtoto wake ikikatika katikati ya wimbo. Aliwasukuma wanawake waliokuwa mlangoni. Gloire alikuwa amelala sakafuni, midomo imekauka kama karatasi, lakini alipomwona mama yake alijaribu kutabasamu.

"Mama, nimeimba vizuri?"

Naomie alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa alikuwa na miaka minane, akatoka naye. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita akampeleka hospitali.

Walimtundikia maji. Kesho yake muuguzi akawaambia kuna daktari wa watoto aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa juma moja, mwanamke, anaitwa Dokta Ntambwe, na ni vizuri amwone huyu mtoto. Charlotte naye alikuwepo. Alikuwa ameleta uji. Naomie hakuugusa.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye nywele fupi zenye mvi. Alimpima Gloire kichwa kwa utepe, akamtazama macho, akamgusa kidogo mdomo wa juu, akamwomba arudie maneno matatu: kiti, ndege, maji. Gloire alisema kiti, akasema ndege, kisha akacheka na kumkumbatia daktari shingoni.

"Mama ya Gloire," daktari alisema, mtoto bado amemning'inia, "nitakuuliza neno moja, na si kwa kukuhukumu. Wakati ulikuwa na mimba yake, ulikuwa unakunywaka pombe?"

"Hapana, Dokta."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Nilikuwa naonja tu," Naomie alisema. "Kwa kazi. Tunapikaka lutuku."

"Unaonja mara ngapi kwa siku?"

"Chupa kumi. Siku ingine kumi na mbili. Na kikombe ya asubuhi."

Gloire alikuwa akivua na kuvaa saa ya daktari. Daktari alizungumza polepole. Alisema kile mama anachokunywa kinapita kwenye kitovu na kumfikia mtoto, na mtoto tumboni hana nguvu ya kukitoa mwilini kama mtu mkubwa. Ubongo unajengwa miezi yote tisa, na pombe inauharibu unapojengwa. Akawaonyesha: mpasuko wa jicho ni mfupi, hapa chini ya pua ngozi ni tambarare, mdomo wa juu mwembamba, kichwa kidogo kuliko umri wake. Na kusahau kwake, na kutokuogopa kwake, na moto aliougusa mara mbili, vyote vinatoka palepale.

"Si uchawi," alisema. "Si laana, si kichwa ngumu. Akili yake iliumizwa mbele ya kuzaliwa."

"Dawa iko?" Naomie aliuliza.

"Ya kurudisha kile kiliharibika, hapana. Ya kumusaidia, ndiyo, na nitakufundisha. Lakini sitakudanganya, mama. Atakuwa hivi maisha yake yote."

Naomie aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Ndipo Charlotte aliposimama.

"Uongo hiyo!" alisema. "Mi nilizaa batoto tano na lutuku. Tano! Kama lutuku inaharibu, mbona bangu bote ni bazima?"

Daktari hakukasirika. "Kwa bote tano ulikuwa unakunywa, mama?"

Charlotte alianza kuwahesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha tano. Watoto wanne wa kwanza aliwazaa wakati marehemu mumewe, Louis, bado ana kazi ya mgodi, wakati magunia ya unga yanaletwa mpaka mlangoni. Siku zile hakujua hata pipa linawekwaje. Alianza kupika pombe kazi iliposimama, njaa ilipoingia nyumbani, na tangu hapo alizaa mara moja tu. Maneno ya "batoto tano na hii" alikuwa ameyasema miaka mingi mpaka yeye mwenyewe akayaamini.

"Wa tano njo Dimitri," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Eko wapi?"

"Alikufaka mu shimo."

Alikaa. Alimtazama Gloire, akamtazama macho, akamtazama mdomo. Daktari alisema hawezi kusema lolote juu ya mtu ambaye hakumwona. Charlotte alitikisa kichwa kukubali, lakini si daktari aliyekuwa akimsikiliza.

Dimitri alikuwa kitinda mimba wake. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema. Hakumaliza shule. Alicheka na kila mtu, alitoa viatu vyake kwa aliyeviomba. Akiwa na miaka kumi na minane alichimba na wenzake, na asubuhi moja wote waliambiwa shimo la tatu lisiingiwe, udongo wake umelegea. Wote walisikia, naye alisikia. Alasiri aliingia shimo la tatu akiimba.

Kwenye matanga yake, kabla maiti haijazikwa, mbele ya watu wote, Charlotte alimnyoshea kidole Marie, dada wa Louis. Alisema Marie alimroga mtoto tangu tumboni kwa wivu, akamfunga akili, na sasa amemmaliza. Vijana walimtoa Marie matangani kwa mawe. Juma lile lile nyumba yake ilivunjwa madirisha, na yeye na wanawe wakahamia Tenke. Imepita miaka kumi na mitatu. Tangu siku ile Charlotte hakutaka jina la Marie litajwe nyumbani kwake.

Mechack aliporudi kutoka Fungurume, Naomie alimwambia yote, wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya wanywaji ambayo siku hiyo yalikuwa tupu. Mechack alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, amekunja ngumi.

"Muguuzi alikuambia," alisema. "Alikuambia, na wewe ukakunywa? Mutoto yangu, Naomie! Uliuza akili ya mutoto yangu kwa kikombe?"

Naomie alikuwa amejiambia maneno hayo hayo, mabaya zaidi, siku zote tangu hospitali.

"Muache," Charlotte alisema kutoka mlangoni. "Mi njo nilimupa. Nilimuwekea mu mukono, asubuhi zote. Alikuja na maneno ya muguuzi, mi nikacheka. Kama unatafuta mutu wa kupiga, niko hapa."

"Mama..."

"Na Dimitri pia. Ni miye."

Mechack alimwangalia mama yake kama mtu asiyemfahamu. Mechack alimtangulia Dimitri kuzaliwa kwa miaka minne tu. Walilala mkeka mmoja. Alitoka nje ya uzio bila kofia, na hawakumwona majuma mawili. Aliporudi hakuomba msamaha wala hakulaumu tena. Alimchukua Gloire, akamkalisha gotini, akaanza kumfundisha kufunga kamba za viatu, kitanzi kimoja kwa siku moja, kama daktari alivyoshauri. Lakini yeye na Naomie hawakucheka pamoja kwa muda mrefu sana.

Charlotte alilikunja bomba la shaba kwa mikono yake na kuliuza kama chuma chakavu. Akaanza kukaanga mikate asubuhi kando ya barabara. Nyumba ilikula kidogo kuliko zamani, na wanywaji walipata pa kwenda. Mlango wa tatu kutoka pale mwanamke mwingine aliwasha pipa.

Mwisho wa masika Charlotte alipanda basi kwenda Tenke. Alimkuta Marie karibu na stesheni ya reli, amekaa nyuma ya meza ya ndakala, samaki wadogo waliokaushwa. Alikuwa amezeeka, jicho moja limefunga ukungu. Charlotte aliposalimu, Marie alimtambua wifi yake kwa sauti.

"Umekuja kumalizia?" Marie aliuliza.

Charlotte alipiga magoti juu ya mawe ya reli, mbele ya wateja, akamweleza. Hakuficha kitu: pipa, kikombe, Naomie, daktari, Dimitri. Alisema, "Nilikusingizia, Marie. Miye njo nilimuharibu mutoto, na nikakupa weye muzigo yangu." Alilia. Marie hakulia. Aliendelea kufukuza nzi juu ya samaki kwa kipande cha katoni.

"Binti yangu hakuolewa," Marie alisema. "Kila mwanaume akiuliza, banamuambia mama yake alikulaka mutoto ya kaka yake. Unajua ile?"

"Sikujua."

"Unakuja kuniambia miye? Miye nilijua tangu zamani kama sikuua mutu. Uende uambie bale walisikia."

Charlotte alirudi. Jumapili iliyofuata, matangazo yalipokwisha kanisani Manika, alinyanyua mkono. Mchungaji alidhani anataka kuombewa, akampa nafasi. Alisimama mbele, mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyejulikana na kila mtu, akasema jina la Marie kwa sauti, kwamba alimsingizia, na akasema jina la Dimitri, na akaeleza lutuku ilimfanyia nini mtoto wake na mjukuu wake. Alisema kama kuna mwenye mimba ndani ya kanisa lile, asikubali kikombe kutoka kwa mtu yeyote, hata akiwa mama yake, hata akiambiwa ni kidogo. Wengine waliinama. Wengine walinong'ona kuwa bibi kizee amechanganyikiwa kwa huzuni. Mwanamke wa kikundi cha maombi alitoka nje. Baada ya ibada hakuna aliyemsogelea Charlotte, isipokuwa msichana mmoja mwenye tumbo la miezi mitano, aliyemuuliza kwa sauti ya chini sana kama bia nayo inahesabika. Charlotte alimwambia ndiyo. Msichana aliweka mkono mdomoni na kuondoka haraka.

Kiangazi kilipofika, Marie alikuja Kolwezi. Hakuwa ametuma habari. Alisimama kwenye uzio na mwanawe mkubwa, Hénock, akakataa kuingia, akakataa kiti, akakataa maji.

"Nilifukuzwa mbele ya kumuzika," alisema. "Unionyeshe kaburi."

Walikwenda kwa miguu, Charlotte mbele, Naomie akimshika Gloire mkono. Makaburi yalikuwa yameongezeka mno, na msalaba wa Dimitri, uliokuwa wa mbao, ulikuwa umeliwa na mchwa. Charlotte alizunguka, akahesabu safu, akarudi, akahesabu tena. Mwishowe alisimama kati ya vilima viwili vya udongo visivyo na jina.

"Ni hii," alisema. "Ao ile. Marie, sijue tena."

Marie alivitazama vyote viwili. Kisha akaweka mkoba wake chini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akainama na kuanza kung'oa majani kwenye kilima cha kwanza. Naomie alikwenda kumsaidia. Charlotte alibaki amesimama, hakujua kama anaruhusiwa, mpaka Marie aliposema bila kuinua kichwa:

"Na weye, anza kwa ile ingine."

Gloire aliuliza ni nani amelala pale. Naomie alimwambia ni Dimitri, mdogo ya papa yako. Baada ya muda mfupi akauliza tena ni nani, na Naomie akamwambia tena. Alipouliza mara ya tatu, Marie ndiye aliyejibu. Walifanya kazi mpaka vilima vyote viwili vikawa safi, udongo mtupu, mwekundu. Marie alijipangusa mikono, akamfuata Hénock barabarani kutafuta basi la Tenke, na hakumuaga mtu yeyote isipokuwa mtoto.